Barua ya Mwenyekiti

Mpui

Mjukuu wangu Leokadia,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Babu yako bado anakohoa, na ulezi umekauka kabla ya kuchanua.

Unauliza umwombe nani barua ya kukupendekeza usome ng'ambo. Unasema mwalimu mkuu wako anakupenda, na kwamba shule haiendi bila wewe. Hapo nikaogopa.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilipata nafasi ya kusomea uuguzi Bulgaria. Ilibaki barua ya mwenyekiti wa kijiji tu. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, akinipenda kama mwanawe. Aliandika kwa mkono wake ukurasa mzima: nafundisha wazee, nafunga vidonda zahanati. Akamalizia, "Binti huyu akiondoka, kijiji chetu kitakufa."

Kamati ya kuteua wa kwenda masomoni, pale Sumbawanga, ikaisoma, ikasema, "Basi abaki."

Mwenyekiti alilia kuliko mimi. Muulize mwalimu wako kama yuko tayari kukukosa. Mimi sikuuliza.

Barua walinirudishia, ninayo hadi leo. Haina kosa hata moja. Kuandika nilimfundisha mimi mwenyewe.

Bibi yako,
Orsola