Gurudumu la Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Mei 1971

Vidole vinauma. Leo nimesuka manne, la tano nimelifikisha nusu nikaacha. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya mzigo, spoki arobaini, si mchezo. Chama cha maziwa cha Nyansiongo kinataka thelathini. Lori lao linakuja Jumamosi.

Msimamizi wa wabeba maziwa, Machogu, alikuja mwenyewe hapa Keumbu wiki jana. Watu wake wanapanda na kushuka ile milima na madebe mawili nyuma, huku na huku, na magurudumu ya dukani yanajipinda kabla ya mwezi kuisha. Akalaza moja letu juu ya matofali, akasimama juu yake na viatu vyake. Akarukaruka. Akashuka akaliangalia. Akasema basi, nitengenezee thelathini.

Oda kubwa ya kwanza tangu tuanze, na mimi nilidhani nitafurahi! Nasikia mgongo tu. Watu wakipita wanasoma ubao wa mlangoni, "Kampuni ya Magurudumu", wanachungulia ndani kutafuta hiyo kampuni. Wanatukuta mimi na mwenzangu Amolo tumekaa chini.

Jumanne, 4 Mei

Upepo wa jana umeng'oa mabati ya kanisa letu. Yote ya upande wa mimbari. Wazee wa kanisa wamekuja asubuhi wameshika kofia mikononi, nikajua kuna jambo. Wanaomba Sabato hii ibada ifanyike kwenye karakana yangu, maana ndiyo chumba kikubwa karibu na barabara. Kabla sijaweka spana chini Bosibori alikuwa ameshawaambia karibuni. Mke wangu akikubali, nimekubali.

Amolo amecheka mpaka akashika ukuta. Ati sasa nimekuwa kuhani wa spoki.

Alhamisi, 6 Mei

Kumi na nane yamekamilika. Yamebaki kumi na mawili.

Machogu aliniuliza siku ile kwa nini yetu hayapindi. Sikumwambia, lakini siri ni ndogo. Ukishasuka unakaza, halafu unaliacha lipumzike usiku mzima, spoki zijikalie vizuri. Kesho yake unalikandamiza kwa goti na kukaza mara ya pili. Mafundi wengi hawana subira hiyo. Mara ya kwanza gurudumu linaonekana zima, linazunguka sawasawa, lakini halijawa gurudumu. Linakudanganya.

Kwa hiyo tuna utaratibu. Ambalo halijakazwa mara ya pili tunalifunga uzi wa mgomba kwenye spoki. Anayelikaza mara ya pili ndiye anafungua uzi. Mimi Jumamosi sishiki kazi, Amolo ni Mwanglikana, Jumapili hashiki. Tunaweza kukaa siku mbili hatujaonana. Uzi ndio unatusemea. Miaka miwili haujatukosesha.

Ijumaa, 7 Mei

Saa kumi na moja. Kumi na mawili ya mwisho, mengine tuliyaanza jana, nimemaliza kuyasuka na kuyakaza mara ya kwanza, yote nimeyafunga nyuzi. Amolo yuko Daraja Mbili tangu asubuhi, anawafungia wauza ndizi magurudumu mawili. Kesho baada ya ibada atakaza haya, saa kumi lori lije. Jua linashuka na Bosibori amesimama mlangoni na ufagio. Leo ni maandalizi ya Sabato, anataka nitoke apate kusafisha. Natoka. Nimechoka kama punda.

Jumapili, 9 Mei

Ibada ilikwenda vizuri. Watu sitini na zaidi, waliobaki walisimama barazani. Bosibori alipaosha mahali pakang'aa, sakafu yote wazi, magurudumu yote thelathini ameyapanga ukutani kwenye misumari. Mzee mmoja alisema yanapendeza kama madirisha ya kanisa la Wakatoliki. Alisema kwa sauti ya chini.

Lori lilikuja saa kumi. Mimi nilikuwa nyumbani, Amolo alipakia. Imekwisha. Leo nimelala mchana kutwa, nimeamka nikala, nikalala tena.

Jumatatu, 10 Mei

Amolo ameondoka na basi la alfajiri kwenda Kisumu kuleta rimu. Atapitia kwao Karachuonyo kumwona mama yake, anarudi Ijumaa. Mimi peke yangu. Nimefagia, nimepanga spana, nimekaa. Sina hamu ya kazi.

Jumatano, 12 Mei

Dereva wa chama amesimamisha lori barabarani akanirushia salamu za Machogu. Gurudumu moja limejikunja. Mbeba maziwa mmoja, Jeconia, alikuwa anashuka kilima, likalala ubavu chini yake. Amechubuka bega na uso. Maziwa yote yamenywewa na barabara. Machogu anasema huenda ni shimo, si kitu, lakini nimtengenezee lingine.

Nimesema pole, nitatengeneza. Dereva ameondoka. Nimesimama pale mpaka vumbi likatua.

Moja kati ya thelathini. Inaweza kuwa shimo.

Alhamisi, 13 Mei

Nimesuka la Jeconia. Mara tatu nimekosea kuhesabu spoki, nikafumua. Bosibori ameniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni uchovu. Si uongo.

Ijumaa, 14 Mei

Niandike haraka. Ni saa tisa.

Amolo amerudi saa sita na rimu zake kichwani. Kabla hajazitua nikamuuliza, yale kumi na mawili uliyakaza saa ngapi. Akasema yapi? Akasema Jumamosi alipoingia alitafuta nyuzi, hakuona hata moja. Akafikiri mimi nilibaki Ijumaa nikamaliza yote. Alinisifu moyoni, anasema. Akapakia.

Bosibori alikuwa mlangoni ametuletea uji. Akasema polepole, "Nyuzi gani? Yale maganda ya mgomba yaliyokuwa yananing'inia?"

Aliyakata. Yote, kwa kisu cha jikoni. Asingeweza kuacha takataka zining'inie ukutani watu wa Mungu wakija. Akayatupia ng'ombe.

Ameweka kibuyu chini akakaa juu ya sanduku la rimu. Hakulia. Ameuliza tu ni watu wangapi. Nikamwambia waliobaki ni kumi na mmoja, wamechanganyika katika ishirini na tisa, hakuna anayejua ni nani na nani. Kila asubuhi wanashuka na maziwa. Kesho pia. Ng'ombe hawana Sabato.

Amolo amesema ataenda peke yake, mimi nikae na kanisa langu, yeye hanilaumu. Lakini kukaza gurudumu moja vizuri ni dakika ishirini. Peke yake hawezi. Bosibori akamkatiza, "Twende sote. Hata Yesu alisema ng'ombe akitumbukia shimoni anatolewa siku ya Sabato. Hawa ni watu." Kisha akasema, "Kosa ni langu, nitawaambia kwa mdomo wangu."

Nikaenda barabarani kutafuta lori.

Hapa niandike ukweli, maana tangu Jumatano unanikaa kooni. Mimi niliona. Jumamosi ile wakati wa somo nilikaa benchi la mbele, uso kwa uso na ule ukuta. Magurudumu thelathini, hakuna uzi hata mmoja. Niliona vizuri kabisa. Moyo ukauliza, nyuzi ziko wapi? Nikaukemea. Nikajiambia Sabato si siku ya kuwaza kazi yako, fungua Biblia. Nikafungua. Nikajiona mtu safi sana.

Na jua lilipotua, kwa nini sikwenda kumuuliza Amolo? Na Jumapili? Na Jumatatu kabla ya basi? Dini haikunizuia hapo. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka iwe imekwisha.

Bosibori anafua nguo za kesho. Sijamwambia. Lori la mahindi linaondoka alfajiri, dereva amekubali kutuchukua.

Jumamosi, 15 Mei

Sijawahi kuandika siku ya Sabato. Nimekaa kwenye ngazi ya kituo cha maziwa, Nyansiongo. Saa tano na robo. Mikono imekaa bure, ndiyo maana naandika.

Lori lilikwama kwenye tope ng'ambo ya Keroka. Tumesukuma, Bosibori kwa gauni lake jeupe la Sabato, na Amolo akimwambia dada, acha, na yeye haachi. Tumefika saa moja na nusu. Wote walikuwa wameshaondoka kwenda mashambani kuchukua maziwa. Haikubaki ila kuwangoja hapa wakirudi mmoja mmoja.

Machogu alitoka akitabasamu, akidhani tumeleta la Jeconia. Bosibori hakumpa nafasi. Akamwamkua, akamwambia mbele ya makarani na wanawake waliokuwa wanaosha madebe: kuna magurudumu kumi na moja ambayo hayakukazwa, alama zilikuwepo, mimi nilizikata nikidhani ni takataka, mafundi hawana kosa. Alisema yote bila kuinama. Machogu akanigeukia mimi, akasema mzee Onchiri, una mke. Wangu angesema ni shetani.

Watu wakacheka kidogo. Nami nikacheka. Nilicheka!

Tukaanza. Wakiingia, Bosibori anainua nyuma ya baiskeli na kupitisha kidole kwenye spoki. Jana jioni kabla jua halijatua Amolo alimfundisha, iliyokaza inalia kwa sauti nyembamba, iliyolegea inanguruma. Ana sikio. Aliimba kwaya miaka mingi. Akisema hili, ni hili. Mimi na Amolo tunakaza, magoti kwenye tope. Wabeba maziwa wengine walikasirika, wana haraka. Mmoja alisema ameisikia baiskeli ikicheza tangu Jumatatu, akadhani ni yeye ameongezeka uzito. Mwingine, mzee kidogo, alishika spoki zake mwenyewe, akazivuta kwa vidole kama kamba ya nguo. Alikaa chini akaomba maji.

Hesabu ni hii. Thelathini yalikuja. La Jeconia limevunjika. Tumeona ishirini na manane. Mabovu tuliyoyapata ni kumi.

Yaani la kumi na mbili liko kwa mmoja ambaye hajarudi. Anaitwa Angwenyi. Machogu anasema ndiye anayekwenda mbali kuliko wote, mashamba ya juu kabisa, na ndiye anabeba madebe matatu. Ana watoto watano. Mkubwa wao ni msichana, naye yuko hapa, amekuja kumletea baba yake chakula. Kwa kawaida Angwenyi anarudi saa nne.

Amolo amechukua baiskeli ya mtu na spana mfukoni, amekwenda kumlaki. Ameondoka saa nne na nusu. Machogu amekwenda kwa miguu njia ya mkato. Tumebaki mimi na Bosibori na huyu msichana wa Angwenyi, aliyeshika sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Hakuna aliyemwambia kitu. Anatuangalia mikono.

Mvua imeanza tena. Kilima kinaonekana nusu, juu ni ukungu.

Bosibori anaomba, midomo inacheza. Nasikia vizuri anachoomba. Anasema Bwana, nihukumu mimi, usimhukumu yule. Amerudia mara nne. Jana alipokuwa anaanika nguo aliniambia mficha uchi hazai, ndiyo maana ataisema mbele ya watu, apate kulala. Mimi nilimpa pole. Nilimpa pole mke wangu kwa kosa nililolitazama saa nzima nikiwa nimevaa tai.

Saa tano na nusu. Kuna mtu ametokea kwenye ukungu. Anatembea. Sioni kama anasukuma baiskeli au la. Msichana amesimama. Bosibori amesimama pia, amekinga macho kwa mkono, halafu amesema si yeye, ni mwanamke na ng'ombe.

Amekaa tena karibu yangu. Ananiuliza naandika nini siku ya Sabato. Nikamwambia hesabu ya magurudumu. Akasema hesabu ya magurudumu haiwezi kujaza kurasa tatu. Hakusema kwa ukali. Amefunga mikono juu ya magoti, gauni limejaa tope mpaka kiunoni, anatazama kilima.

"Nisomee basi," amesema. "Tupitishe muda mpaka aje."

Nimemwambia namalizia mstari huu. Amesema atangoja.