Groto la Babu Clovis

Baton Rouge,
Februari 9, 2024

Kwako Bibi,

Hujambo, Bibi? Goti linasemaje na baridi hii? Sisi huku hatujambo. Baba anarudi kutoka kiwandani amechoka, lakini anakula vizuri. Mimi nimekuwa wa kwanza katika insha, ndiyo maana nakuandikia barua badala ya kupiga simu. Hiyo ni sababu moja. Ya pili unaijua: ukishika simu unasema "eeh, eeh," kumbe hukusikia hata neno.

Nina habari. Jumapili nilimwuliza Baba kama naweza kurudi nyumbani Agosti, nikae na wewe na nianze sekondari kule chini Montegut. Alikoroga mchuzi wake mpaka ukapoa. Kisha akasema, "Bima ya nyumba ikihuishwa mwezi wa Juni, utakwenda. Isipohuishwa, benki itatuandama kwa ule mkopo wa paa. Na sitamweka mtoto ndani ya nyumba ambayo upepo ukiibomoa, basi tena." Nikamwambia sawa.

Kampuni ya kwanza ya bima ilifilisika baada ya kimbunga. Ya pili ikahama jimbo. Hii ya tatu imepandisha bei lakini bado ipo. Kwa hiyo, Bibi, barua yao ikija, tafadhali isome mpaka mwisho. Usiifungie bamia.

Nakumbuka harufu ya baraza letu baada ya mvua.

Mjukuu wako,
Noelie


Montegut,
Februari 26, 2024

Mke mwenzangu Noelie,

Salamu zako zimefika, nami nimezisoma mara mbili, maana hapa hakuna wa kunisaidia kuzisoma. Ni mzima. Goti ni bovu, lakini ni langu. Leo nimepika gumbo la kaa nikalila peke yangu bila aibu. Nyinyi endeleeni na vyakula vyenu vya makopo.

Barua ya bima imekuja. Ndani mna picha ya nyumba yetu iliyopigwa kutoka juu, na kidege kisicho na mtu. Hata hodi hawakubisha. Uani wamechora duara jekundu na kuandika: "Vyombo chakavu vya bafuni. Viondolewe kabla ya tarehe 31 Machi, la sivyo bima haitahuishwa."

Nilitazama sana kabla sijaelewa. Ni groto la Bikira Maria, pango letu la sala. Ni lile beseni la chuma la kuogea, la mama yake babu yako, ambalo Clovis alilisimamisha wima, akalifukia nusu na kulipaka buluu ndani. Alikuwa ameweka nadhiri mwaka ule maji yalipofika kitandani, kwamba yakishuka atamjengea Mama Maria nyumba. Yakashuka. Lakini kutoka juu huioni sanamu ya Mama wala buluu. Unaona mgongo wa beseni tu.

Jirani yetu Earline kaniambia, "Mama Naquin, hao wa juu hawana dini."

Nikamwambia, "Waje kwa miguu basi. Watapiga goti."

Kwa hiyo nimesoma mpaka mwisho, kama ulivyoniamuru. Sijui kama nitafanya.

Bibi yako


Baton Rouge,
Machi 8, 2024

Kwako Bibi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limekupa nafasi ya kulala. Sisi ni wazima.

Nilimwonyesha barua yako mwalimu wangu, Bi. Guidry. Akanisaidia kuiandikia kampuni, na tukaweka picha ya groto kutoka mbele, ile ya Komunyo yangu ya kwanza, mimi nimesimama kando na maua. Wakajibu kesho yake: asante, vyombo viondolewe. Baba akapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana. Baba alimweleza kwamba ni mahali pa sala. Akajibu, "Naelewa kabisa, bwana. Vyombo chakavu vya bafuni viondolewe." Baba akamwambia tena. Akasema tena, "Naelewa kabisa, bwana."

Bibi, nimefikiri sana, na nakuomba usinikasirikie. Mfalme alipotaka kumwua mtoto, Bikira Maria hakusema, "Hapa ni kwangu, sitoki." Alifunga mizigo akaenda Misri, na hatari ilipopita akarudi. Labda anaweza kukaa ndani kwako kwa muda. Beseni lichimbuliwe sasa, na bima ikishahuishwa tutaangalia namna ya kulirudisha. Nitalichimbia shimo mimi mwenyewe, kwa kuwa nitakuwa huko.

Mjukuu wako,
Noelie


Montegut,
Aprili 3, 2024

Mke mwenzangu,

Pasaka njema, ingawa imeshapita. Kuchelewa kwangu si ugonjwa. Nitakueleza.

Hiyo habari ya Misri ilinishinda. Umenipiga kwa kitabu changu mwenyewe. Nikamwomba Ovide, mume wa Earline, alete trekta. Unajua kazi yake: wiki mbili yuko kwenye mitambo ya mafuta baharini, wiki mbili nyumbani. Lakini safari hii walimpa likizo fupi. Alifika Alhamisi jioni, na Jumamosi alfajiri arudi. Kwa hiyo siku ilikuwa Ijumaa tu.

Akaja na trekta na mnyororo. Nilitoka barazani nikamwuliza, "Ovide, leo ni siku gani?"

Akasema, "Najua, Mama Naquin. Nilitegemea umesahau."

"Na wewe umesahau?"

Akazima injini. "Mimi nikichimba leo, mama yangu atafufuka kabla ya Bwana wetu, tena na fimbo mkononi."

Ijumaa Kuu ardhi haiguswi, mjukuu wangu. Ukitia koleo inatoka damu. Sijawahi kuiona damu hiyo, kwa sababu sijawahi kumwona mtu wa kwetu akijaribu. Tukala kamba wa mtoni, mimi na yeye na Earline, kisha akaondoa trekta lake.

Jumamosi nilichimba mwenyewe. Goti lilikubali saa moja, basi. Beseni liliinama kidogo tu. Jumatatu asubuhi kidege kikapita juu ya nyumba, polepole, kikageuka, kikapita tena. Nilikuwa nimesimama uani na koleo. Nitakuwa kwenye picha.

Jumanne Earline alifunga mnyororo kwenye gari lake na likang'oka. Sasa liko chini ya nyumba, katikati ya nguzo zinazoiinua. Mama yuko juu ya kabati, karibu na picha ya Clovis. Uani pamebaki shimo, na maji yameingia.

Mwambie baba yako tumechelewa siku mbili.

Bibi yako


Baton Rouge,
Aprili 11, 2024

Kwako Bibi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima, na nimesikitika kwa goti.

Nimeisoma barua yako kwa Baba. Aliposikia ya Ijumaa Kuu alicheka, halafu akafunika macho kwa mkono. Akasema hata yeye asingechimba. Mimi pia nisingechimba, Bibi. Nilipotaja Misri sikuangalia kalenda, kwa hiyo kosa ni langu pia.

Nimeiandikia kampuni kuwaeleza kwamba uani sasa ni peupe. Bado hawajajibu. Bi. Guidry anasema kimya si jibu. Nimeshachagua masomo ya Agosti kwenye tovuti ya shule ya kule. Nimechagua Kifaransa, lugha yako, ili unisahihishe.

Mjukuu wako,
Noelie


Montegut,
Mei 20, 2024

Mke mwenzangu,

Hujambo? Mimi nipo.

Barua yao imekuja. Hawahuishi. Nilikaa mezani nikajiambia moyoni, Olympe, ndiyo Ijumaa yako hiyo. Nilikaa hivyo mpaka Earline alipoingia na bahasha mkononi, ile ile. Uani kwake pamefagiliwa kama sahani, hakuna hata ndoo. Kisha tukasikia kwa wengine, barabara nzima. Kampuni inaondoka kote kusini ya mfereji wa meli, mpaka baharini. Haikuhusu beseni.

Earline alisema, "Kumbe ungemwacha Mama palepale."

Nikasema, "Eeh."

Nilifikiri nitakasirika. Nikaosha mchele nikaupika. Ulipoiva nilikumbuka sina mboga, nikaula mkavu.

Umsalimie mwanangu. Asije kwa haraka, barabara ina maji.

Bibi yako


Baton Rouge,
Juni 16, 2024

Kwako Bibi,

Natumaini umelala vizuri tangu Baba alipokuja. Aliporudi alikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kupanda ngazi. Sikumwuliza. Aliniambia mwenyewe.

Kwa hiyo najua kwamba shirika la jimbo, lile la waliokataliwa kwingine, linataka zaidi ya pensheni yako. Najua benki haitangoja. Najua pia kuhusu yule bwana wa Texas anayetaka nyumba iwe kambi yake ya kuvulia samaki. Baba anasema bwana huyo halazimiki kuwa na bima, kwa sababu ananunua bila benki, na kimbunga kikiichukua ana nyumba nyingine. Nilianza kuandika insha juu ya jambo hilo. Niliishia sentensi ya pili.

Nimekutolea droo mbili za juu chumbani kwangu, ili usiiname. Kitanda chako ni cha upande wa dirisha. Shule ya kule nimewaandikia kwamba siji.

Mjukuu wako,
Noelie


Baton Rouge, chumbani kwetu,
Oktoba 20, 2024

Kwako Bibi,

Shikamoo. Najua hali yako, kwa sababu nakusikia ukigeuka kitandani. Bado nakuuliza: hujambo?

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu unayelala naye chumba kimoja. Naiweka chini ya kikombe chako. Tangu ufike unasema "eeh, eeh" kama ulivyokuwa ukisema kwenye simu, na unatazama magari yaliyoegeshwa kana kwamba ni bahari. Baba anadhani ni masikio. Mimi nakumbuka barua ulikuwa ukizijibu vizuri.

Mama Maria bado yuko ndani ya sanduku, amefungwa taulo. Sikumgusa.

Siku ya Watakatifu Wote inakuja, na kaburi la Babu Clovis halijapakwa chokaa tangu mwaka jana. Makaburi ya kule hayajauzwa. Earline ameniambia beseni lilihamishiwa chini ya nyumba yao, yule bwana alipotaka kulitupa. Nimemwuliza Baba, naye amemwuliza Padri. Padri amesema linaweza kusimama kwenye kichwa cha kaburi. Ovide atakuwa nyumbani, na trekta lipo. Itakuwa Ijumaa, lakini si ile.

Shimo nitachimba mimi. Niliahidi.

Mjukuu wako,
Noelie


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mke mwenzangu,

Goti linasema litakwenda.

Mwambie baba yako anunue chokaa ndoo mbili. Na kopo dogo la rangi ya buluu, ya anga, si ile ya magari ya polisi. Taulo nitaifungua mimi.

Kidege kikipita, usiinue macho. Tutakuwa na kazi.

Bibi