Maganda ya Mama

Jumatatu, 6 Mei
Nimeanika maganda ya muhogo tena. Mvua ya jana ililowesha yote. Mpunga umeiva mashambani, kondoo hawezi kutembea ovyo, nimemfunga kwenye mpapai uani. Namlisha maganda, majani ya viazi, pumba za mchele kutoka mashineni. Mgongo umeanza kujaa. Mama aliniachia huyu angali ananyonya. Alisema tutamla siku ya batizo la mtoto wangu wa kwanza. Mtoto amezaliwa, Mama hayuko. Nimempa jina lake, Yuliana. Batizo ni Pentekoste.

Alhamisi, 9 Mei
Jua kali. Harufu ya maganda kwenye mkeka ni Mama mtupu. Alikuwa anavunja ganda karibu na sikio langu. Likilia ka!, limekauka, mpe kondoo. Likinyamaza, rudisha juani, lina uchungu bado. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Namkumbuka sana.

Jumapili, 12 Mei
Baba Yuliana amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Alimbeba mtoto, mtoto akalia, hamjui. Nilicheka, kisha nikamhurumia. Akaenda kuangalia kondoo.
"Huyu iko mukonda bado!"
Mama mkwe akamjibu: "Mukonda ni weye, mutoto yangu."

Jumanne, 14 Mei
Nina hasira. Nilipeleka muhogo mchungu mtoni kuloweka. Huku nyuma Baba Yuliana akamwagia kondoo ndoo nzima ya maganda ya muhogo huo, mabichi. Alitaka kunifurahisha, hakujua mabichi yana sumu. Nimerudi, kondoo amelala, povu mdomoni, anahema. Mama mkwe amemnywesha mafuta ya mawese. Tukamsimamisha, akaanguka. Kondoo akifa, ni kama Mama amekosa batizo mara mbili. Wazo la kijinga. Haliniachi.

Jumatano, 15 Mei
Amesimama! Alasiri alilamba pumba mkononi mwangu. Nimelia. Baba Yuliana amechuchumaa kwenye mkeka, anageuza maganda juani, moja moja. Mama mkwe anamcheka mwanawe: "Papa, humo hamuna dhahabu!" Hasira imeniisha.

Jumapili, 19 Mei
Yuliana amebatizwa. Maji hayakumwamsha. Nyama ya kondoo ilikuwa laini, mafuta yakang'aa juu ya wali. Mama mkwe alitenga kipande, akasema ni cha mwenye jina. Tukaendelea kula. Kamba yake iko bado kwenye mpapai. Sikuifungua. Baba Yuliana anasema atatafuta kondoo jike kabla ya kurudi machimboni.
Jioni, maganda machache yamebaki kwenye mkeka. Nimevunja moja karibu na sikio la Yuliana. Limelia. Akageuza kichwa, akatafuta.