Nyumba ya Mwalimu wa Useremala

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Nimenoa patasi peke yangu tena. Darasa nusu tupu. Kahawa imeiva, na ikiiva hapa Mukurweini chuo cha ufundi hakina wanafunzi, kina wachumaji tu. Sawa, wachume. Mimi nangoja Desemba. Afisa wa Nyeri ameahidi: mwaka ukiisha narudi kwetu Bungoma, mradi kamati ya chuo isipinge. Mama hainuki kitandani. Mke wangu ndiye anayemgeuza na kumlisha, hawezi kumwacha aje huku. Na Nasimiyu, binti yetu, nilipoenda likizo alinikimbia. Aliniita mgeni.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mwenyekiti wa kamati, Mzee Gathogo, amekuja na kofia yake na kicheko chake. Ati wanaomaliza mwaka huu watafanya mtihani wa vitendo kwa kujenga nyumba. Vizuri. Ya nani? Yangu! Watu wamefanya harambee, mbao ziko njiani. Nikamwambia mimi naondoka. Akacheka zaidi.
"Utaenda wapi, mwarimu, na uko na nyumba?"
Sikula jioni.

Jumatano, 16 Oktoba
Wamerudi wote. Wale wale waliotorokea kahawa! Asubuhi na mapema wako kwenye msingi, matope hadi magotini, wanaimba. Tulipotengeneza madawati hawakuimba. Kina mama wananiletea ndizi na maziwa, wananipa pole kwa kuishi chumba cha kupanga muda wote huu. Nasema asante. Ningesema nini? Ni watu wazuri, na ndiyo maana siwezi hata kuwatukana.

Jumamosi, 26 Oktoba
Leo kenchi za paa. Wachira, kijana wangu hodari kuliko wote, amekata viungo vifupi mno. Niliona. Nikanyamaza. Paa likilegea nyumba haitakalika, na mimi nitaenda kwetu. Nimekunywa chai kikombe kizima na wazo hilo. Halafu nikainua macho: Wachira mwenyewe amepanda juu, ameketi pale pale kwenye kiungo kibovu, miguu inaning'inia, anapiga msumari. Nikapiga kelele hadi watu wa barabarani wakageuka. Shuka! Ng'oa zote! Kata upya!
Amekata upya. Sasa zinashika. Mjinga ni mimi.

Ijumaa, 8 Novemba
Jana mwenyekiti alienda Nyeri bila kuniambia. Akamweleza afisa kwamba mwalimu ametulia, amejengewa, hataki tena kuhama. Basi. Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya uhamisho. Leo nimeenda huko mwenyewe, nimesimama mbele ya meza, nimeeleza habari za mama. Afisa akauliza mbona sina shukrani, walimu wangapi wamejengewa nyumba? Nina hasira. Namchukia mzee yule. Jioni amenitumia kuku.

Jumamosi, 16 Novemba
Siku ya kutoa alama. Nimetafuta kosa, Mungu anisamehe, nimetafuta kama mtu aliyedondosha sindano. Timazi kwenye kila kona: wima. Madirisha yanafunga. Mlango nikausukuma kwa kidole kimoja, ukaenda wenyewe, ukashika. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha.
Wote wamefaulu. Wachira amepata kazi ya ujenzi Nanyuki, wawili wanaenda Karatina. Jumatatu wanaondoka. Wameshafunga masanduku ya vifaa, wanacheka ovyo, wananiuliza nitawatembelea lini. Nimewapa mkono mmoja mmoja. Nimeona wivu, tena wivu wa wazi. Nadhani Wachira aliuona.

Jumapili, 17 Novemba
Nimehamia. Mvua inapiga mabati, ndani ni kukavu. Vijana wameacha kitu kwenye chumba cha nyuma na hawakusema neno. Kitanda kidogo cha mbao za saiprasi. Kingo zote zimepigwa msasa zisimchome mtoto. Nafikiri walikipima kwa ule umri wa binti yangu niliowatajia nilipofika hapa, wakati bado nilikuwa naongea habari zake kila siku.
Nimelaza rula juu yake. Kazi safi, sina la kusahihisha. Lakini Nasimiyu hawezi kulala hapa. Ameshakizidi.