Sindano ya Pili

Kibirichia, Jumatano jioni

Bado nasikia ndama akigonga kichwa ukutani. Asubuhi daktari wa mifugo alimdunga seleniamu, dawa ya madini ya kumtia nguvu miguuni, akatuonya kwamba ikizidi ni sumu. Mchana ndama alianguka akirusha mateke, pumzi ikinuka kitunguu saumu.

Daktari alipokuja mbio, Baba alimrukia kwa ngumi hadi damu ikamtoka puani. "Unaniulia ndama!"

"Mzee, hiyo harufu ni ya dawa kuzidi. Nani amemwongeza?"

Baba akashusha mikono. "Nilimdunga ingine niliyonunua agroveti, duka la dawa za mifugo. Kwani dawa nzuri ikiongezwa inaharibu nini?"

Ndama alifia kwenye mapaja ya daktari.

Nimechimba shimo peke yangu. Hasira niliyokuwa nayo ingetosha kuchimba mawili.