Chupa Ishirini na Nne Zilizogeuka Waridi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limo kwenye jalada; kazini huitwa Mama Chupa. Umri: miaka 46. Kazi: fundi wa maabara, kituo cha utafiti wa mifugo. Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya zizi.

Ninatunza bakteria wanaomeng'enya nyasi kwenye tumbo kubwa la ng'ombe. Niliwatenganisha mwenyewe kwa miaka tisa. Hewa ya kawaida huwaua, hivyo hukaa kwenye chupa zenye gesi ya kaboni, zimezibwa kwa mpira. Chakula chao ni kipande cha karatasi ya kuchujia. Kikimomonyoka, najua wako hai. Hewa ikiingia, maji yanageuka waridi.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa tatu, Jumatatu, saa 1:15 asubuhi, nilifungua chumba cha joto. Mlango haukuvunjwa. Chupa zote 24 zilikuwa waridi. Vizibo vilikuwa vimelegezwa, kisha vikarudishwa vizuri. Nilikimbilia friza. Trei ya akiba, yenye bakteria hao hao waliogandishwa, haikuwemo.

Ufunguo wa pili anao mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimwombea kazi pale mimi mwenyewe, nikamfundisha kupitisha gesi hadi mkono wake ukawa mwepesi kuliko wangu. Ijumaa aliaga kwamba ameugua.

Nilihamishia matone kwenye chupa mpya, nikasubiri siku tatu. Karatasi zilibaki nzima, kama zimetoka dukani leo.

Alhamisi, saa 4 asubuhi, nilimpigia simu. Alikiri kuwa trei anayo, na kwamba amepata kazi kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo.

Akasema, "Dada, bakteria si mali ya mtu."

Nikamwambia, "Sawa. Ungechukua trei basi. Za kwangu ulizifungulia nini?"

Akasema, "Ningekuachia zikiwa hai, wale wa kiwanda wangekuita wewe, si mimi."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Mkuu wangu alinikuta hapo, akanileta hapa kituo cha polisi kwa gari lake.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona na kuyasikia.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa, amekubali kuwa ni sahihi. Nilimuuliza kama atasimama mahakamani dhidi ya ndugu yake, ambaye tumeshamkamata na yuko mahabusu. Alijibu, "Ndiyo." Kisha aliuliza kama ni lazima mama yao aitwe. Nilimjibu kuwa mama yao amekwisha kufika, yuko benchi la nje, amekuja kumwekea dhamana mdogo.