Mama Eleazari wa Yerusalemu

Same, Jumanne

Dada Nakijwa, shikamoo. Nimefika salama, ila joto la huku chini linaniunguza na maji yao yana chumvi. Yule askari aliyerudi likizo kutoka kikosi cha mwanangu nimempata hapa stesheni. Zakaria wangu ni mzima, lakini askari anasema hali chakula wala halali vizuri. Walikuwa wakichimba barabara karibu na Yerusalemu, sururu yake ikapasua kisanduku cha jiwe, ndani mifupa ya mtu. Wenzake wakamcheka, "Mpare, umemfukua bibi yako!" Yeye hakucheka. Aliikusanya yote, akaihamishia pangoni kama tufanyavyo Upare, akanakili maandishi ya kisanduku kwenye karatasi aliyompa askari huyu.

Mchungaji wa hapa ameyasoma, ni Kiyunani: "Marta, mama wa Eleazari." Kumbe naye, dada, aliitwa kwa jina la mwanawe, kama sisi.

Sasa Zakaria anauliza, mifupa ya mwanamke ikihamishwa, mwenyewe anaambiwa nini? Maana yeye alimhamisha kimya kimya. Mchungaji kasema, "Mama, omba tu." Nimeomba, lakini Zakaria anataka maneno ya kwetu. Mifupa ya bibi yetu ilipopelekwa pangoni wewe ulikuwepo, mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Mwambie mwalimu anayekusomea kadi hii ayaandike yale maneno, hata akinuna kwamba ni ya kipagani. Mleta kadi atakusubiri, treni ya askari ni Ijumaa.

Jifunike vizuri, baridi ya Chome isikurudishie kikohozi. Na kama umeyasahau, dada, usinifiche. Nitamwandikia Marta mwenyewe, mama kwa mama mwenzake, kwamba aliyemfukua ni mtoto wangu na hakukusudia.

Mdogo wako akupendaye.